Daktari wa moyo yuko wapi ukiwa Kigoma? Maswali na majibu

Mama ameambiwa moyo umepanuka. Nimpeleke Dar es Salaam moja kwa moja?

Subiri kwanza. Moyo hupanuka kwa sababu fulani, na sababu hiyo ndiyo inayotafutwa na kutibiwa. Kwa mtu mzima, presha iliyokaa miaka bila dawa ni ya kuulizia mapema. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, uulizie daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Huyo si wa moyo peke yake, lakini presha, moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha na mapigo kwenda mrama ni kazi yake ya kila siku. Wagonjwa wengi wa moyo wanahitaji vidonge sahihi na kufuatiliwa, na hayo hayahitaji safari ndefu. Tatizo likizidi uwezo wa hospitali, yeye ndiye atakayekuandikia rufaa.

Rufaa hiyo itatupeleka wapi?

Kutegemea tatizo, inaweza kuwa Bugando jijini Mwanza, Benjamin Mkapa jijini Dodoma, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), ambayo iko eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, na inajitegemea tangu 2015. JKCI hufanya upasuaji wa valvu (milango ya moyo inayopitisha damu), huziba matundu kwenye mioyo ya watoto, na hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kuona palipoziba. Madaktari wake pia hutoka kwenda mikoani kwa kambi za uchunguzi, kwa hiyo ulizia hospitali ya mkoa kabla ya kukata tiketi.

Ukilazimika kwenda, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Usiende na maelezo ya mdomo tu. Beba barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu yote ya nyuma na dawa zenyewe zikiwa kwenye pakiti zake. "Kile kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii daktari. Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ipige picha kwa simu siku ileile, maana aina nyingi za karatasi hizo hufifia. Uliza mapema kama bima inalipia eko, ile ultrasaundi ya moyo. Eko haiumi wala haina mionzi, na ndiyo inayoonyesha valvu na nguvu ya moyo kusukuma.

Na hawa wanaopima kwa mashine ya kushika mkononi sokoni?

Mashine inayosoma moyo, figo, ini na nyota yako kwa dakika moja, kisha muuzaji akatoa dawa kwenye begi lilelile, hiyo ni biashara. Kama unamtilia mtu shaka, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari.

Presha yangu ilikuwa 150/95. Tayari ni mgonjwa?

Si kwa kipimo kimoja, hasa kama ulitoka kupanda mlima na jua la saa saba. Keti dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelala usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziache nusu saa kabla. Ikijirudia 140/90 au zaidi siku nyingine, hiyo ni presha ya kupanda. Kinachoua watu hapa ni kuacha dawa kwa sababu "nimepona". Kipimo kimeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiiacha, kinapanda tena bila kukuambia, na wengine hupata habari kwa kiharusi.

Chumvi ya Uvinza ina madhara kuliko ya dukani?

Hapana, chumvi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya mchuzi. Mawese nayo siyo sumu, ila karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, basi yapime kwa kijiko.

Mdogo wangu amejifungua miezi miwili iliyopita. Anahema, hawezi kulala chali, miguu imevimba. Wazee wanasema ni uchovu wa uzazi.

Wazee tunawapa shikamoo yao, lakini mpelekeni hospitali leo. Upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Wengi hupata nafuu wakitibiwa. Kabla ya kubeba mimba nyingine, aonane na daktari, kwani inaweza kumrudia kwa ukali.

Mtoto akiumwa koo mara kwa mara, kimeo kikatwe?

Kisikatwe. Mafindofindo yanayoletwa na bakteria fulani, yasipotibiwa, yanaweza kuleta homa na maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kifundo, na baadaye valvu za moyo kuharibika. Dawa ni ya bei ndogo: penisilini, kwa dozi kamili. Aliyekwisha kuathirika hupewa sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka, asiruke hata moja.

Kifua kinabana. Nitajuaje kama ni vidonda vya tumbo?

Nyumbani hutajua. Maumivu ya kubana katikati ya kifua yakienda mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, usinywe dawa ya vidonda ukasubiri asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu zaidi, usiku huohuo, na usiendeshe pikipiki mwenyewe. Mwenye kisukari na mwanamke wanaweza kukosa maumivu makali, wakasikia uchovu wa ghafla na kuhema tu, nao waende.