Kumfungia bibi si kumlinda

Huku Mwanza utasikia watu wakisema makao salama ya wazee ni yale yanayofunga milango, maana mwenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu) hutangatanga ovyo. Si kweli. Mara nyingi kutangatanga kuna sababu: choo, njaa, maumivu, mazoea ya zamani. Bibi aliyeanika dagaa Igombe miaka 40 ataamka alfajiri akitafuta mlango, aende akawageuze. Mpe ungo achambue dagaa, kaa naye; mikono yake bado inakumbuka. Ukimfunga kitandani, misuli hulegea, vidonda vya mgongo huanza, na akijinasua huanguka vibaya. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, usiseme ni uzee (wala uchawi, jamani!): mpeleke akapimwe malaria na maambukizi ya mkojo. Ukienda kukagua makao, uliza usiku hubaki wahudumu wangapi.