Aina za volkano: kinachoamua ni magma, si umbo la mlima

Volkano ni tundu au ufa kwenye ganda la dunia ambamo magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda na kutoka nje pamoja na gesi na majivu. Ikishafika juu huitwa lava. Mlima wenyewe ni limbikizo la vitu vilivyotoka humo miaka nenda miaka rudi.

Shuleni wengi wetu tulikariri makundi matatu: volkano hai, iliyolala na mfu. Makundi hayo yanahusu muda uliopita tangu mlima ulipolipuka mara ya mwisho. Hayasemi utalipuka vipi, na kwa anayelima au kuishi chini yake hilo ndilo swali kubwa. Jibu lake limo ndani ya magma.

Kwanza, magma inatoka wapi? Wapo wanaodhani kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Hakuna. Tabaka lililo chini ya ganda la dunia ni mwamba mgumu. Una joto kali mno, lakini uzito ulio juu yake umeubana kiasi kwamba hauwezi kuyeyuka. Ganda likivutwa na kuwa jembamba, mbano hupungua, na mwamba huanza kuyeyuka hata bila kuongezewa joto. Ndivyo ilivyo kwenye Bonde la Ufa, ambako upande wa mashariki wa Afrika unaachana na sehemu iliyobaki ya bara kwa milimita chache kila mwaka. Kwingineko, kama Japani, Ufilipino na Indonesia, bamba (kipande kikubwa cha ganda la dunia) la sakafu ya bahari huzama chini ya bamba jingine likiwa limebeba maji, na maji hayo huufanya mwamba uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Hawaii ni namna ya tatu: mwamba wenye joto hupanda kutoka kina kirefu sana katikati ya bamba, mbali na mpaka wowote.

Magma ikishapatikana, mambo mawili huamua tabia yake: silika na gesi. Silika ndiyo madini yaliyojaa kwenye mchanga wa kawaida. Ikiwa nyingi, magma huwa nzito na kunata. Ikiwa kidogo, hutiririka. Aliyewahi kukoroga uji anajua tofauti yake. Uji mwepesi unachemka na mapovu yanapasuka taratibu. Uji mzito unazuia mvuke chini, halafu unaruka ghafla na kukuunguza mkono. Magma nzito hufanya vivyo hivyo na gesi zake, ambazo ni mvuke wa maji, kaboni dioksidi na salfa dioksidi. Gesi ikikosa njia ya kutoka polepole, hupasua mwamba na kuusaga kuwa majivu.

Hapo ndipo aina za milima zinapotokea. Lava nyepesi husafiri mbali kabla ya kuganda, hivyo hujenga mlima mpana wenye miteremko ya pole, uitwao volkano ngao. Mauna Loa ya Hawaii ni ya aina hiyo, na karibu nasi zipo Nyamulagira kule Kivu, mashariki mwa Kongo, na Karthala kisiwani Ngazidja, Komoro. Lava inayonata huganda karibu na tundu, na milipuko huimwagia majivu juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka mlima unakuwa mrefu wenye miteremko mikali. Hiyo ni volkano tabaka. Kilimanjaro ni volkano tabaka tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Meru pia ni wa kundi hili. Upande wake wa mashariki uliporomoka zamani sana, na ndani ya pengo hilo kukaota koni ya majivu ambayo wapandaji huiona wakiwa njiani kwenda kileleni. Mlima huo ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Volkano tabaka ndizo zenye historia ya kutisha zaidi. Tarehe 8 Mei 1902 mlima Pelée, kisiwani Martinique katika Karibi, ulishusha wingu la gesi na majivu ya moto likauteketeza mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache. Watu wapatao 28,000 walikufa. Wingu la namna hiyo hushuka likiambaa na mteremko kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuikimbia.

Zipo pia koni ndogo za vipande vya lava, ambazo mara nyingi hulipuka kwa kipindi kimoja tu kisha basi. Vilima vya Chyulu nchini Kenya ni mamia ya koni za aina hiyo. Mvua huzama katika miamba yake yenye vinyweleo na kutokeza kwenye chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hupelekwa mpaka Mombasa. Kaldera nayo ni shimo kubwa linalobaki pale ghala la magma linapokuwa tupu na mlima ukajiangukia. Ngorongoro, yenye upana wa kilomita karibu 20, ilipatikana hivyo.

Huo ndio mgawanyo wa vitabuni, na ni mzuri kuanzia. Ila volkano za kwetu zinaukataa waziwazi, na ndiyo maana naona ni hatari kumfundisha mtoto wa Goma, Arusha au Moroni umbo la mlima bila kumfundisha magma yake.

Tuanze na Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Kwa macho ni volkano tabaka iliyochongoka, lakini lava yake haina silika karibu kabisa. Imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu. Hutoka ikiwa na nyuzi joto kati ya 500 na 600 hivi, nusu tu ya lava ya kawaida, na mchana haiwaki: inapita nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari, kisha ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine duniani inayotoa lava hiyo leo. Hata hivyo si mlima mpole. Mwaka 2007, baada ya mfululizo wa matetemeko yaliyosikika mpaka Nairobi, ulianza kurusha majivu angani na kuendelea hadi 2008.

Karthala ni ngao, aina inayosifiwa kuwa tulivu. Mwezi Novemba 2005 ililipuka kwa majivu yaliyofunika vijiji na kuharibu maji ya mvua ambayo Wangazidja huyahifadhi kwenye matangi. Maji yakikutana na magma ndani ya kasoko, yaani shimo la kileleni, hugeuka mvuke kwa kishindo, hata kama magma yenyewe ni nyepesi.

Nyiragongo, jirani na mji wa Goma, ndiyo inayonishughulisha zaidi. Ina miteremko mikali kama Meru, lakini lava yake ni kati ya zile nyepesi kuliko zote duniani, na kwa miaka mingi imekuwa ikikaa juu kileleni kama ziwa. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka na ziwa hilo likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu.

Volkano nyingi hutoa ishara kwa sababu magma inapopanda hupasua miamba njiani. Pinatubo, Ufilipino, ilitikisika tangu Machi 1991, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni. Nyiragongo haikutoa nafasi hiyo tarehe 22 Mei 2021. Magma ilikuwa tayari ipo juu, ikizuiwa na ukuta wa mlima tu, na ukuta ulipopasuka lava ikatoka jioni ile ile na kusimama pembezoni mwa mji. Matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, kwa kuwa magma nyingine ilikuwa inajipenyeza chini ya Goma kuelekea ziwani, na tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Hofu ilikuwa Ziwa Kivu lenyewe, ambalo kina chake kimejaa kaboni dioksidi na methani: magma ikifika humo, gesi hizo zingeweza kufumuka na kuua watu. Safari hiyo magma iliganda chini kwa chini bila kufika juu.