"Inapita tu, Daktari"

Wiki hii huyu ni wa tatu kuniletea dawa isiyosajiliwa. Mzee mfanyabiashara, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, aliniwekea mezani boksi la amoksilini ya maji, kidole kikigonga pale kiwanda kilipochapisha kwamba bidhaa ni ya kuuzwa nje tu. "Daktari mwanangu, hii haiuzwi hapa. Inapita tu. Jahazi liko Bandari ya Zamani hapa Mombasa, mzigo waenda Ngazija, Komoro. Usajili wa nini tena?"

Mzee wangu, hayo ni maneno ya kiwanda, na kiwanda si Bodi ya Famasia na Sumu, inayodhibiti dawa hapa Kenya. Kanuni za usajili wa dawa zinakataza kuingiza nchini, kutengeneza kwa kuuza, au kuuza dawa isiyosajiliwa. Tazama lililotangulia: kuingiza. Dawa ikishashuka bandarini Kilindini na kulala stoo Mwembe Tayari, umeshaingia makosani hata kabla nahodha hajapandisha tanga. Transiti ya kweli, yaani mzigo unaopita tu nchini, hutangazwa forodhani tangu mwanzo. Haizaliwi stoo baada ya mnunuzi wa hapa kukukimbia. Na kutoa dawa nchini nako kuna kibali chake cha Bodi, mbali na kile cha kuingizia.

Kila siku nasema, na kila siku wanakuja wakiwa wameshalipa: kabla hujatuma hata shilingi, fungua orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti ya Bodi, andika jina lililo kwenye boksi. Halafu mwambie mnunuzi wako wa Moroni akutumie kwanza idhini ya kuingiza dawa hiyo kwao. Akianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Mengine nayapitia haraka. Kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, si usajili wa dawa. Usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ni wa huko, haukuvushi mpaka wa Lungalunga. Mitishamba ikifungashwa na kuuzwa kama dawa, Bodi inaihusu pia, hata kama ni ya babu yako. Na tangazo la dawa kwa umma linataka idhini kwanza. Kuliweka kwenye WhatsApp hakulifanyi kuwa siri.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu. "Na tukiandika ni vitamini?"

Hilo ni tamko la uongo forodhani, kosa la pili juu ya la kwanza. Boksi lake bado liko mezani kwangu.