Wanafunzi wa udaktari wanaojitolea wakati wa mlipuko: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mlipuko wa ugonjwa ukizidi nguvu za hospitali, macho hugeukia vyuo vya udaktari. Wanafunzi ni vijana, wanajua kupima presha na kuvaa glovu, na wengi hawangoji kuitwa. Wakishaingia wodini huitwa mashujaa, na habari za afya yao ya akili huishia hapo. Zinabaki hizi dhana.

"Ametaka mwenyewe, hawezi kuumia."

Kutaka hakumkingi mtu na kiwewe. Tena huko kutaka kwenyewe kuna viwango. Darasa zima likishajiandikisha kwenye grupu la WhatsApp, na anayepokea majina ni mhadhiri yuleyule atakayesahihisha mtihani, kusema "mimi siwezi" ni kugumu kuliko kwenda. Na huenda mtu ana sababu zake: mama ana kisukari, nyumbani ni vyumba viwili. Aliyeingia kwa kuona aibu hatasema kirahisi kwamba amechoka. Orodha ishikwe na mtu asiyehusika na alama, na anayetaka kujitoa katikati ajitoe bila kuhojiwa.

"Wanapewa vikazi vidogo tu, kitawaumiza nini?"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mwaka 1952 polio, ugonjwa unaoweza kupoozesha hata misuli ya kupumua, iliivamia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Hospitali ya Blegdam, iliyopokea wagonjwa wa mji ule, ilikuwa na mashine chache mno za kusaidia kupumua. Katika wiki za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliowekwa kwenye mashine hizo, 27 walikufa. Mwishoni mwa Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri njia nyingine: mgonjwa atobolewe kooni, aingizwe mrija, kisha hewa isukumwe mapafuni kwa kubana mfuko wa mpira kwa mkono, usiku na mchana. Mikono ikatoka vyuoni. Wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa meno walibana mifuko hiyo kwa jumla ya saa 165,000 hivi, na vifo vya wagonjwa walioshindwa kupumua wenyewe vikashuka hadi karibu mmoja kati ya wanne.

Kubana mfuko: kuna kazi ndogo kuliko hiyo? Lakini aliyelala pale mara nyingi alikuwa mtoto, macho wazi, hawezi kusema kwa sababu ya mrija, anakutazama usoni wewe unayempa pumzi. Wanafunzi waliwasomea hadithi, wakajifunza kuelewa midomo yao. Na wapo watoto waliokufa huku mfuko ukiendelea kubanwa. Mwanafunzi akikaa saa sita au nane kando ya kitanda kimoja, anamjua mgonjwa kuliko daktari bingwa anayepita raundi. Anayepanga zamu akumbuke hilo: kifo kikitokea, wa kwanza kuulizwa hali ni mwanafunzi huyu wa kando ya kitanda, hata kama jina lake halipo kwenye faili.

"Wanachoogopa ni kuambukizwa tu."

Wanaogopa, na wana haki. Septemba 2022, Ebola ilipozuka Mubende, Uganda, madaktari tarajali wa hospitali ya pale waligoma wakilalamikia ukosefu wa vifaa kinga. Mlipuko huohuo ulimuua daktari Mtanzania aliyekuwa masomoni Uganda akichukua shahada ya uzamili. Hofu ya namna hiyo si ugonjwa wa kupelekewa mshauri nasaha. Ipelekewe glovu kwanza.

Ila chini ya hofu kuna kitu kizito zaidi, nacho ni jeraha la dhamiri. Unajua mgonjwa anahitaji nini na hakipo. Au umeachiwa kazi usiyofundishwa, mgonjwa amezidiwa, na usiku unajiuliza kama ni mkono wako. Hapa dawa kubwa ni karatasi moja inayosema mwanafunzi afanye nini, asifanye nini, na amwite nani saa nane usiku.

"Walioachwa nyumbani ndio wenye nafuu."

Si lazima. Machi 2020, korona ilipoenea, jumuiya ya vyuo vya tiba ya Marekani ilishauri wanafunzi waondolewe kwa wagonjwa. Mwezi huohuo Italia iliwafutia wahitimu mtihani wa leseni ili waingie kazini haraka. Tanzania vyuo vilifungwa hadi Juni mosi. Kukaa nyumbani ukitazama taarifa ya habari, hujui utarudi lini chuoni, nako kunachosha akili.

"Wote watatoka na ugonjwa wa akili."

Hapana. Kukosa usingizi, kuota wodi, kukasirika ovyo ni mambo ya kawaida baada ya shida kubwa, na kwa wengi hupungua wakipata mapumziko na watu wao. Yakipita mwezi, au mtu akishindwa kusoma, au pombe ikawa ndiyo dawa ya usingizi, amwone mtaalamu. Mawazo ya kujiua hayasubiri mwezi. Ni siku hiyohiyo.

"Baada ya zamu wakalishwe, kila mmoja asimulie yote."

Nia ni njema, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hii kwa watu waliotoka tu kwenye tukio la kutisha. Kumlazimisha mtu asimulie hakumkingi na kiwewe. Kinachoshauriwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: mtazame hali yake, msikilize akitaka kusema, muunganishe na msaada. Kwa vitendo ni mkuu wa zamu anayeuliza "umekula?" na kungoja jibu, na wanafunzi wanaopangwa wawiliwawili ili kila mmoja awe na mtu wa kumgundua akibadilika. Kisha mtu apige simu mwezi mmoja, na tena miezi mitatu, baada ya mlipuko kuisha, sifa zikishakoma na sapu, yaani mitihani ya marudio, zikiwa zimeanza. Simu, tena ya mtu anayemfahamu. Ujumbe wa jumla kwenye grupu hautoshi, kwa sababu aliyezidiwa ndiye huwa wa kwanza kuujibu "niko poa".