Anasoma Kama Maji, Ila Hajui Amesoma Nini

Kiswahili kinamhurumia mtoto anayeanza kusoma. Kina irabu tano tu, kila moja na sauti yake, na sauti hiyo haibadiliki popote itakapokaa. Mfundishe mtoto ba be bi bo bu, kisha ta te ti to tu, na tayari anasoma baba, bata, tatu, tabu. Ndiyo maana mtoto anayehudhuria shule, na mwenye mwalimu anayeingia darasani, anaweza kumaliza Gredi ya 1 akitamka maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona yameandikwa.

Hapo ndipo sisi walimu tunapodanganyika. Nafundisha madarasa ya chini hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na mara kwa mara huenda shule nyingine za visiwani kuwasaidia wenzangu katika vipindi vya kusoma. Mtoto asiyejua kusoma kabisa hajifichi, na kila mwalimu anamjua kwa jina. Anayetupita ni yule anayesoma kama maji, ila hajui amesoma nini.

Majuzi nilikaa na mmoja wa Gredi ya 2. Akanisomea bila kukwama: "Mzee Bakari alifika bandarini jua likizama, akakuta mashua imeshang'oa nanga." Nikamuuliza, "Mbona Mzee Bakari hakusafiri?" Akanitazama, akaitazama karatasi, kisha akaanza kuisoma sentensi ile ile upya, mara hii kwa kasi zaidi. Kwake yeye, mwalimu akiuliza swali maana yake hukusoma haraka vya kutosha. Nikabadilisha: "Ungekuwa wewe umeachwa na mashua, ungefanyaje?" Hakufikiri hata kidogo. "Ningelala kwa shangazi Mokowe, mwalimu, halafu asubuhi nivuke." Yaani habari yote alikuwa nayo kichwani, sema hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba shuleni pia inatakiwa.

Kasi hiyo ina chanzo chake. Tangu Tusome, mradi wa taifa wa kufundisha kusoma, uanze mwaka 2015, walimu wa madarasa ya chini nchini Kenya tumezoea kupima kusoma kwa dakika: maneno 45 sahihi kwa dakika kwa Kiswahili, 65 kwa Kiingereza. Wazazi huniuliza kwa nini Kiswahili kimewekewa kiwango cha chini wakati ndiyo lugha ya watoto wenyewe. Sababu ni urefu wa maneno. "Hatutampa" kwetu ni neno moja, na Mwingereza angelihitaji maneno matano kusema hayo hayo. Kipimo chenyewe sikipingi. Mtoto anayesoma polepole mno, akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka, basi lazima kasi ijengwe. Ila darasa likiamka na saa na kulala na saa, watoto hugeuza kusoma kuwa mashindano ya mbio. Kwangu saa hutoka mwanzo wa muhula na mwisho wa muhula, basi.

Silabi zenyewe hazihitaji mwaka mzima. Zifundishwe kwa sauti, si kwa majina ya herufi, halafu muda ubaki kwa zile chache zinazosumbua kweli. Ya kwanza ni m inayosimama peke yake. Mtoto akiona "mto" husoma "muto" au huiruka ile m kabisa. Dawa yake ni makofi: m-to, makofi mawili, m-to-to, makofi matatu, mbu-zi mawili, na m-bu mawili pia, ingawa mbuzi na mbu zimeanza na herufi zile zile. Watoto hupenda ubishi huu wa makofi kuliko kitu chochote ubaoni. Baadaye huja ng' ya ng'ombe dhidi ya ng ya ngoma, nayo huchukua siku zake. Dh, th na gh, zinazowatesa watoto wa mikoa mingine, hapa kwetu hazina kazi. Mtoto wa Amu hukusahihisha yeye ukisema "thahabu". Lakini na sisi tuna letu: kaa la moto na kaa wa pwani hutamkwa tofauti mdomoni mwa mtoto wa hapa, huyu wa pwani akiwa na pumzi ndani yake, na kitabuni wote wawili wameandikwa sawa. Akiuliza, mwambie kweli: masikio yako yako sawa, maandishi ndiyo yanayobana.

Kiingereza nacho kinaingia Gredi ya 1 hiyo hiyo. Herufi i iliyokuwa "i" kipindi cha kwanza, kipindi cha pili imekuwa "ai". Ushauri wangu ni mfupi: Kiswahili kitangulie kila inapowezekana. Mtoto aliyeshika kwamba herufi hubeba sauti, ameshika jambo hilo kwa lugha zote.

Kuna walimu wageni wanaofika Lamu wakidhani watoto hawa hawajawahi kushika kitabu. Wengi wao wameanza chuo, yaani madrasa, kabla hata ya kuingia shule. Wanajua kwamba maandishi yana mwelekeo, kwamba alama ndogo hubadili sauti, kwamba kitabu kinashikwa kwa adabu na hakiwekwi chini. Hiyo ni mali kubwa ya kuanzia. Kinachohitaji kufundishwa ni kwamba hapa tunaanzia kushoto (mwanzoni utaona kidole cha mtoto kikienda upande wa kulia wa ukurasa, na si kosa la kukemewa), na kwamba kitabu hiki kinaruhusu kuulizwa, kuchekwa na kubishiwa. Hili la pili ndilo gumu. Mtoto aliyezoea kuhifadhi neno kwa neno, tena kwa heshima, huona ajabu mwalimu akimuuliza, "Wewe waonaje, sungura amefanya vyema?"

Nami njia pekee niliyoiona ikifanya kazi ni mwalimu kuwasomea watoto kwa sauti, kila siku, hata wale wanaojua kusoma. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Kumi za mwanzo ni za kusomewa, na sizitoi kwa lolote. Watoto huteremka kwenye mkeka, nami sisemi "fungueni ukurasa wa kumi na mbili". Nasema "Paukwa!" Wao "Pakawa!" na darasa limetulia lenyewe. Kitabu nakishika wazi ubavuni, picha zikiwaelekea wao. Mwalimu anayejisomea uso umezama kitabuni anajiburudisha mwenyewe.

Siku ya kwanza nasoma moja kwa moja, siulizi kitu. Siku ya pili nasoma kitabu kile kile, na kabla ya kufunua ukurasa wa mkasa nasimama. Nangoja. Hapo ndipo wanapopiga kelele: ataanguka, hataanguka, mamake atakuja. Siku ya tatu sentensi zinazojirudia wanazisema wao, na kuna atakayenisahihisha nikiruka neno. Walimu wenzangu huniambia kurudia kitabu kunachosha. Kunatuchosha sisi. Watoto huomba tena, na kila wakirudi wanapata kitu ambacho maongezi ya nyumbani hayawapi mara kwa mara: Kiswahili cha vitabuni. Nyumbani mtoto husikia "alivyorudi", kitabuni hukuta "aliporejea". Nyumbani si rahisi asikie "ijapokuwa" au "laiti". Asipozisikia sikioni kwanza, siku atakapokutana nazo peke yake ukurasani atazitamka vizuri sana na zitampita.

Vitendawili navyo vina kazi kubwa kuliko tunavyovipa. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto akifika kwenye yai amefanya jambo lile lile linalohitajika kujua kwa nini Mzee Bakari hakusafiri: ameshika dalili mbili tatu zilizosemwa akapata ambalo halikusemwa. Na wakishindwa, "Nipe mji!", watatoa miji yote ya Kenya kabla ya kuitoa Amu.

Maswali ya ufahamu nina ugomvi nayo. Si yote. Nina ugomvi na yale ya "Nani alienda sokoni? Alinunua nini?" yanayobandikwa chini ya kila hadithi, kana kwamba hadithi haiwezi kuachwa iende zake. Mtoto hujifunza kutafuta neno "sokoni" kwa macho na kunakili lililo mbele yake. Anapata alama zote na hadithi hakuiona. Uliza moja tu, ambalo jibu lake halijaandikwa, kisha nyamaza umsikilize.

Vitabu tutavitoa wapi? Vya kiada vipo, na huo ni uzuri wa miaka ya karibuni. Vya hadithi ndivyo haba, na vingi vinavyoletwa kama zawadi ni vya Kiingereza, vimejaa theluji na makoti. Mtandao wa African Storybook una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, bure, na ruhusa ya kuzichapisha wazi. Shule yenye printa haina udhuru. Lakini vitabu vinavyochakaa upesi darasani kwangu ni vile tulivyotengeneza wenyewe.

Navifanya hivi. Mtoto mmoja anasimulia jambo aliloliona, nami naandika kwenye karatasi ya manila kama anavyolisema, kwa maneno yake. Juzi ilikuwa habari ya punda aliyebeba mchanga wa ujenzi. Msimulizi akasema, "Punda akabwaga mtanga ndiani." Nikaandika hivyo hivyo. Ukurasa wa pili, mkabala wake, tukaandika pamoja: "Punda akabwaga mchanga njiani." Kukazuka mjadala mrefu kama punda ana makosa au mwenye punda. Binti mmoja wa nyuma akaumaliza: "Mwalimu, punda hana makosa, amepakiwa mno." Sentensi hiyo ikawa ukurasa wa mwisho. Wote walikuwa wanaweza kuusoma kabla ya kengele, hata wale wanaokwama kwenye silabi, maana walijua unachosema kabla hawajauona.

Wapo wanaoniambia Kiamu, lahaja yetu ya hapa, kisiandikwe darasani, kitawaharibia watoto Kiswahili sanifu. Mtaala wa umilisi, ulioanza gredi za chini mwaka 2019, wenyewe unataka watoto wa umri huu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Na eneo letu si moja: Faza na Kizingitini ni Kibajuni, Mpeketoni nyumba nyingi ni Kikuyu, kwa Waaweer wa Basuba na Mangai ni lugha nyingine kabisa. Mtoto anayeona ndia na njia zimekaa kurasa mbili zinazotazamana hujifunza usanifu upesi kuliko anayekatazwa kufungua mdomo. Tena kuandika si jambo tuliloletewa na shule. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utendi mwaka 1858, kwa hati za Kiarabu na kwa lugha ya huku huku.

Kushona vitabu hivi nako kuna somo. Pini za stapla hapa hazidumu, hewa ya chumvi huzishika kutu na kutu hula karatasi. Tunatumia sindano na uzi mnene, na katika mji wa washona kofia hakukosekani bibi wa mtoto fulani anayekuja kutuonyesha mshono usiofumuka. Bibi huyo mara nyingi anasoma vizuri sana herufi za Kiarabu, na hizi za Kirumi hakufundishwa. Ndiye mtu bora wa kusomewa jioni. Mtoto anarudi kutoka chuo, ameshakula, anamsomea bibi kurasa mbili, na bibi anaingilia: "Aa, mwanangu, punda hafanyi hivyo!" Hakuna mwalimu anayeweza kuuliza swali la ufahamu zuri kama hilo.

Ila kitabu lazima kifike nyumbani, na hapa ndipo shule nyingi zinapofunga mlango. Nimeingia shule moja, sitaitaja, nikaonyeshwa kabati limejaa vitabu vya hadithi vipya, bado vinanukia wino. Ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyesafiri. Vilikuwa vinatunzwa visichafuke. Tangu mwaka 1996 vitabu vya maktaba ya taifa vimekuwa vikibebwa na ngamia kule Garissa, jirani zetu, vikapigwa jua na vumbi ili vimfikie mtoto wa mfugaji. Sisi tuna kabati hatua chache kutoka mlango wa darasa na tunaogopa vidole vya mafuta.

Darasani kwangu vitabu viko kwenye sanduku lisilo kifuniko, chini, mkono wa mtoto unapofika. Ijumaa kila mmoja huchagua cha kwenda nacho, akajiandika mwenyewe kwenye daftari la kuazima: jina, kitabu, siku. Kuandika huko ni zoezi tosha. Vinarudi na madoa ya mchuzi, na kimoja kiliwahi kurudi kimevimba kwa kuanguka majini pale jetini. Tukakianika, kikaendelea na kazi. Visivyorudi vipo pia. Faini sitozi, hata mwalimu mkuu aliponishauri nitoze, kwa sababu mzazi akisikia kuna kulipa, Ijumaa inayofuata atamwambia mwanawe arudi nyumbani mikono mitupu.