Modeli haikumbuki mlichozungumza
Wengi wanaounda msaidizi wa akili mnemba ndani ya kihariri matini (programu ya kuandikia), iwe Emacs au Vim, hudhani modeli yenyewe, yaani mfumo unaotunga majibu, inakumbuka mazungumzo. Haikumbuki. Kila unapotuma swali, maswali na majibu yote ya nyuma lazima yaambatane nalo, na modeli inayasoma upya tangu mwanzo. Usiyatume, kisha andika "ifupishe zaidi": itakuuliza, nifupishe nini?

Faili nalo ni vivyo hivyo. Aya iliyo wazi mbele ya macho yako haionekani kwake mpaka programu yako iichukue na kuitia ndani ya ujumbe.

Mazungumzo yakirefuka hugonga kikomo cha maandishi ambayo modeli inaweza kusoma kwa mara moja. Hapo mimi hukata ya zamani, ila maagizo ya mwanzo, yanayoiambia modeli ifanye kazi vipi, siyagusi kamwe.