Hita ya bafuni imekufa? Haya ndo tunayodanganyana Dar kabla ya kununua nyingine

Kwanza tumalize hili: ndio Dar kuna joto, na ndio watu wanaoga maji ya moto. Subiri kipupwe kiingie, uamke saa kumi na moja alfajiri uwahi mwendokasi, ufungulie bomba la simtanki lililolala nje usiku kucha, halafu uje uniambie. Na nyumbani kama kuna mzee wa miguu inayouma au kichanga, ndo usiseme kabisa.

Mimi hita yangu ilikuwa tanki la lita 80, nimelikuta na nyumba, likafa mwezi wa sita. Wiki mbili nilizozunguka kuulizia mbadala wa bei nafuu nimepewa ushauri mpaka na dereva bodaboda, na mwingi ulikuwa chai.

"Usichukue instanti, ina wati 5,500, utalia na LUKU"

Instanti ni ile hita isiyo na tanki, inapasha maji yakiwa yanapita. Hii ndo nimeisikia kuliko zote, na ndo imewafanya watu wengi wabaki na matanki yanayowamaliza. Wati zinakwambia kitu kinavuta umeme kwa kasi gani, hazikwambii kimekula kiasi gani. LUKU, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inahesabu kasi mara muda. Instanti ya wati 5,500 ukioga dakika sita imekula kama nusu uniti na kidogo, basi, ukifunga bomba imelala. Kwa tarifu ya kawaida uniti ni shilingi 356 na senti (ndo maana elfu kumi inakupa uniti 28, kama siku hiyo hujakatwa kodi ya jengo), kwahiyo bafu moja ni kama shilingi 200.

Sasa chukua tanki langu. Lita 80 kuzitoa nyuzi 27 hadi 60 ni uniti tatu, zaidi ya elfu moja, na unapasha zote hata kama anaoga mtu mmoja. Kumbe lenye wati 1,500 ndo lilikuwa linanimaliza taratibuuu, mimi namsingizia mdogo wangu na pasi yake.

Halafu kuna kitu watu wa Dar tunasahau, maji yetu tayari yana uvuguvugu. Yakiwa nyuzi 27 na wewe unaogea 40, unanunua nyuzi 13 tu. Mtu wa Njombe au Makete ananunua karibu mara mbili ya hizo, yeye ana haki ya kuwaza mtambo. Ndoo ya lita 20 kwa hapa mjini ni theluthi ya uniti hivi, mia na kitu.

"Liache limewashwa tu, kuzima na kuwasha ndo kunakula"

Hapana jamani. Maji ya moto yanapoa muda wote, na yakiwa moto zaidi ndo yanapoteza joto haraka zaidi, ni kama chai, kikombe kinachofuka kinapoa chap kuliko kile cha vuguvugu. Tanki likiachwa on siku nzima wakati nyie mko kazini linapasha, linapoa, linapasha tena, na kama sponji lake la ndani la kutunza joto limechoka linaweza kula hadi uniti moja kwa siku bila mtu kugusa bomba. Piga mara thelathini, hiyo elfu kumi imeyeyuka kwa mwezi. Ukiwa na tanki washa nusu saa au saa moja kabla, ukimaliza zima.

Na wale wenzangu wa tarifu ya chini mnaopata uniti kwa shilingi 122, hii inawahusu zaidi, maana ile bei mwisho wake uniti 75 kwa mwezi. Tanki la lita 80 likipashwa lote kila siku ni uniti 90 peke yake, hapo hujawasha hata taa.

"Badilisha koili tu, tanki bado zima"

Hapa niliingia mkenge. Fundi wa kwanza akabadilisha koili, nikakaa miezi minne kwa raha, ikafa tena. Wa pili akafungua, akaivuta nje, nikadhani ni gunzi la mahindi limepakwa chokaa, ukoko mweupe umeizunguka pande zote, na chini ya tanki matope ya kutu. Akaniuliza, "Bosi, unatumia maji ya kisima?" Nikamwambia ndio. Akacheka tu.

Maji ya visima vyetu vingi vya huku yana chumvi na ugumu. Ukoko unaganda kwenye koili, joto halitoki kwenda kwenye maji, koili inajiunguza yenyewe. Ndani ya matanki mengi kuna kifimbo cha magnesiamu kilichowekwa makusudi kiliwe na kutu badala ya tanki, kikiisha zamu ni ya tanki. Changu kilibaki waya mtupu. Kama kifimbo kimeisha na tanki limeanza kuvuja kwenye maungio, koili mpya ni kumvalisha marehemu suti.

Na hata instanti angalia, zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi na zipo za maji ya bomba yasiyo na chumvi, uliza dukani kabla hujalipa. Chumvi inapitisha umeme vizuri sana, na kwenye zile ambazo koili inagusana na maji moja kwa moja, ndo inatuleta hapa:

"Shoti kidogo ukishika koki ni kawaida"

Sio kawaida!! Nani alituambia hii? Ukisikia vidole vinawasha ujue umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini na wewe umesimama peku kwenye vigae vilivyolowa. Instanti ya 5,500 inavuta kama ampea 24, hiyo huichomeki kwenye soketi ya 13 wala huiungi kwenye waya wa taa, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meini, wa 4mm au 6mm kutegemea na umbali, breka yake, ethi ya kweli iliyozikwa chini, na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja hata kidogo. Nyumba nyingi tulizopanga ethi ni waya umekatwa ukafichwa ukutani. Hesabu hizo hela kabla hujafurahia bei ya hita, mimi waya na kazi ya fundi vilizidi bei ya hita yenyewe.

Ile koili ya kuning'iniza kwenye ndoo ni rahisi kuliko zote, ila nyumba yenye watoto siiweki, sibishani.

Sola: wanasema mvua ikinyesha haifanyi kazi. Inafanya, ile ya mirija ya vioo inavuta hata mwanga wa mawingu, masika inapungua tu nguvu na nyingi zina koili ya akiba. Tatizo langu na sola ni bei ya kuanzia. Kwa familia ya watu watatu wanaooga maji ya moto miezi mitatu kwa mwaka hela hairudi leo. Mwenye gesti au zahanati, huyo aichukue.

Gesi haina shida, shida ni kuifunga ndani ya bafu lisilo na hewa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, unasinzia na huamki. Ifungwe nje.

Mwisho wa siku nimefunga instanti moja bafu la ndani. Mama hataki kuisikia, anasema umeme na maji havikai chumba kimoja, kwahiyo yeye nimemnunulia birika la lita mbili. Likichemka analimwaga kwenye ndoo yenye lita tisa za baridi, linatoka vuguvugu la kutosha kuoga, kama shilingi 60. Nimepiga hesabu, kwa lita ni bei ileile na hita yangu, na yeye hakumlipa fundi hata mia.